Rangi Haitoki Bure

Kabla msasa haujawa karatasi, ulikuwa jani. Msasa ni mti wenye majani yanayokwaruza kama ulimi wa paka, na mafundi wa pwani waliyatumia kulainisha mbao. Karatasi yenye chembe za mchanga ilipofika, hakuna aliyehangaika kuitafutia jina jipya. Ilifanya kazi ya jani, ikarithi jina la jani. Leo ukiingia duka la vifaa vya ujenzi Mombasa ukaitisha msasa, muuzaji atakuuliza namba ngapi, 60 au 120, na wala hatafikiria mti.

Napenda neno hili kwa sababu limebeba historia ya kazi ambayo wengi hawaihesabu kuwa na historia. Kupaka rangi kuna sifa. Mtu akipaka nyumba, jirani anaona. Kutoa rangi ya zamani ni kazi ya nyuma ya karakana, ya kijana wa mkono, inayomalizwa haraka ili kazi yenyewe ianze. Mimi nimekuwa huyo kijana wa mkono. Niliacha chuo mwaka wa tatu karo iliponishinda, nikaanza kuandikia watu kwa malipo, na miezi ambayo hakuna wa kumwandikia nilishika kibarua chochote kilichokuja. Kimoja kilikuwa kwenye karakana ndogo ya seremala, Mji wa Kale, Mombasa. Kazi yangu ilikuwa moja tu: kubandua rangi kwenye mbao za zamani. Mchana nilikwangua, usiku nikasoma habari za watu waliokwangua kabla yangu.

Nilichokiona kwenye masomo hayo ya usiku ni hiki. Kila baada ya miaka kadhaa mtu fulani, mahali fulani, alikuja na njia mpya ya kutoa rangi akisema hii sasa ni rahisi. Na ni kweli, mkono ulipumzika. Lakini ule uzito haukupotea. Ulihama kutoka kwenye bega ukaenda kwenye macho, kwenye mapafu, kwenye damu. Na mara nyingi damu hiyo haikuwa ya mwenye mlango.

Wacha nieleze kwanza rangi yenyewe, maana bila kuijua huwezi kuelewa kwa nini watu walifika mbali hivyo.

Rangi ya mafuta ya zamani ilitengenezwa kwa vitu viwili vikubwa: mafuta ya mbegu za kitani na unga wa rangi. Mafuta ya kitani hayakauki kama maji yanavyokauka. Yanashika hewa, yanabadilika, yanakuwa ngozi ngumu iliyoshikana na ubao. Ndiyo maana ukimwagia maji mlango uliopakwa rangi ya mafuta, hakuna kinachotokea. Kile si kitu kilichokaukia juu ya mti, ni ngozi ya pili ya mti.

Na unga? Kwa karne nyingi unga mweupe uliotegemewa kuliko wote ulikuwa wa risasi. Waholanzi walikuwa na njia yao mashuhuri ya kuutengeneza: vipande vya risasi viliwekwa kwenye vyungu vyenye siki, vyungu vikafukiwa ndani ya samadi ya farasi, na baada ya majuma kadhaa risasi ilikuwa imegeuka kuwa unga mweupe. Risasi nyekundu ilipakwa kwenye vyuma na kama rangi ya kwanza chini ya rangi nyingine. Rangi ya manjano yenye kromu nayo ina risasi ndani, na kijani nyingi za zamani zilichanganywa kutokana na hiyo manjano. Mafundi waliipenda rangi ya risasi kwa sababu nzuri kabisa. Ilifunika vizuri, ilivumilia mvua, ilidumu.

Kiswahili kilichukua neno risasi kutoka Kiarabu, kikaliacha lisimamie vitu viwili: madini na kile kinachotoka kwenye bunduki. Kwa mtu anayekwangua mlango wa zamani, neno hilo halijakosea.

Njia ya kwanza ya kutoa rangi, na ile ambayo bado ni ya kawaida kwetu, ni nguvu kavu. Kipande cha kioo kilichovunjika, patasi butu, brashi ya waya, msasa. Haihitaji duka. Inahitaji bega na subira. Tatizo lake ni vumbi. Ukisugua rangi ya risasi ikiwa kavu unaitoa mahali ilipokuwa imetulia, unaigeuza unga mwepesi kiasi cha kuelea hewani, kisha unaivuta.

Mwaka 1904 daktari mmoja wa macho katika hospitali ya watoto mjini Brisbane, Australia, J. Lockhart Gibson, alitangaza alichokuwa amekifuatilia kwa muda. Watoto walikuwa wakiletwa kwake na dalili za sumu ya risasi, wengine macho yakiwa yameharibika, na hakuna aliyejua sumu inatoka wapi. Gibson alielekeza kidole kwenye nyumba zao wenyewe. Nyumba za Queensland ni za mbao, zina ubaraza wenye reli, na reli zile zilikuwa zimepakwa rangi ya risasi. Jua lilikuwa likiipika rangi mpaka inakuwa unga. Watoto walishika reli, kisha wakaweka vidole mdomoni kama watoto wote wa dunia. Haikuwa rahisi kukubalika. Jimbo la Queensland lilipitisha sheria ya kuzuia rangi ya risasi mahali ambapo watoto wanafikia mwaka 1922, miaka 18 baada ya daktari kusema.

Brisbane si Mombasa, lakini jua la baharini linafanana. Pitisha kiganja juu ya dirisha la zamani lililopakwa rangi ya mafuta, upande unaochomwa na jua la mchana, kisha utazame kiganja chako. Ule unga ndio uliomsumbua Gibson. Hapo rangi haijakwanguliwa hata kidogo. Sasa fikiria mtu anayeikwangua kwa kusudi kutoka saa mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni.

Dunia ililijua hilo mapema kuliko tunavyodhani. Mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba kuhusu risasi nyeupe kwenye rangi, Mkataba Namba 13. Watu wakiukumbuka wanakumbuka kwamba ulikataza kutumia risasi nyeupe kupaka ndani ya majengo. Kuna kipengele kingine ambacho kwangu kina uzito zaidi: unadai hatua zichukuliwe, kila inapowezekana, kuzuia hatari ya vumbi linalotokana na kusugua na kukwangua rangi kavu. Nilikisoma kipengele hicho usiku mmoja kwenye simu, mikono yangu bado ina rangi ya kijani kwenye kucha. Zaidi ya miaka 100 iliyopita watu walikaa Geneva wakazungumzia vidole vyangu. Uingereza, iliyokuwa ikiitawala nchi hii, haikuuridhia mkataba huo.

Mwaka huohuo wa 1921, kule Marekani, kampuni ya 3M ilianza kuuza msasa usioharibika ukilowa. Ulitafutwa na watengenezaji wa magari, lakini maana yake ilikuwa kubwa kuliko magari: sasa mtu angeweza kusugua rangi ikiwa na maji, na vumbi likawa tope. Ni uvumbuzi mdogo kabisa, hauna makelele. Kati ya njia zote ninazozitaja hapa ndio pekee ulioupunguza uzito bila kuuhamishia kwa mtu mwingine. Na ndio unaodharauliwa zaidi, kwa sababu tope linachafua sakafu na kazi inaenda polepole.

Njia ya pili ni moto. Karne ya 19 wapaka rangi wa Ulaya walipasha rangi kwa makaa yaliyowekwa ndani ya kikapu cha chuma, ikavimba, wakaikwangua ingali laini. Mwaka 1882 Msweden aitwaye Carl Richard Nyberg akaanza kutengeneza taa ya kupuliza moto: mafuta yanapashwa mpaka yanakuwa mvuke, mvuke unatoka kwa nguvu kwenye tundu dogo, unawaka kwa ulimi mkali wa buluu. Kama maelezo hayo yanakukumbusha kitu jikoni kwa nyanya yako, hujakosea. Miaka kumi baadaye, 1892, Msweden mwenzake Frans Wilhelm Lindqvist alitoa jiko la Primus kwa kanuni hiyohiyo. Kifaa kimoja kilikuja kwetu kupika chai, kingine kikaenda kuchoma rangi.

Moto unafanya kazi haraka mno. Safu nne za rangi zinavimba pamoja na kutoka kama ganda la chapati iliyoungua. Lakini risasi haiungui ikaisha. Rangi ikipata joto kali inatoa moshi wenye risasi, mwembamba kuliko vumbi lolote la msasa, na moshi huo unaingia mapafuni moja kwa moja. Ndiyo maana Marekani, katika kanuni za ukarabati wa nyumba za zamani zilizoanza kutumika 2010, ilikataza moto wa wazi, na hata mashine za kupuliza hewa moto zikipita nyuzi 1,100 za Fahrenheit, yaani karibu nyuzi 593 za Selsiasi. Zaidi ya hayo, mti wenyewe unaungua. Kwenye ubao bapa unaweza kuficha alama nyeusi. Kwenye mchongo, kule ndani ya jani na mnyororo ambapo rangi imejificha zaidi, mpaka moto uifikie rangi ya shimoni, ncha za juu zimeshakuwa mkaa.

Njia ya tatu ingeweza kuwa yetu kabisa. Tuna viungo vyake vyote.

Magadi unayajua. Ni yale yanayolainisha maharagwe na githeri. Ziwa Magadi, kusini mwa Nairobi, lina magadi mengi kiasi kwamba kampuni ya kuyachimba iliundwa 1911 na reli ikapelekwa huko kutoka Konza. Chokaa nayo pwani imechomwa kutokana na mawe ya matumbawe tangu enzi za misikiti ya kwanza. Sasa ukichanganya magadi na chokaa iliyozimwa ndani ya maji, vinabadilishana. Chokaa inageuka tena unga wa jiwe na kutuama chini, na kwenye maji ya juu inabaki soda kali, ile inayotengenezea sabuni. Na hapo ndipo siri ilipo. Sabuni ni mafuta yaliyokutana na soda kali. Rangi ya zamani ni mafuta yaliyokauka. Ukiipaka soda kali, unaigeuza rangi kuwa sabuni, na sabuni inatoka kwa maji.

Mafundi wa Ulaya na Marekani wa karne ya 19 walilijua hili vizuri. Walipaka uji wa chokaa na soda, au wa chokaa na majivu ya kuni, wakasubiri, wakaosha. Ilikuwa bei rahisi. Na ilikula kila kitu. Soda kali haijui mpaka kati ya mafuta ya kitani na mafuta ya ngozi yako. Tone moja kwenye jicho linatosha kulipofusha. Mti nao unanyonya soda, unasimamisha nyuzi zake kama manyoya, na mbao zenye asili ya kukolea zinaingia weusi. Usipoisafisha vizuri kwa maji mengi na siki, rangi mpya utakayopaka itabanduka yenyewe mwaka ujao, kwa sababu soda iliyobaki ndani inaendelea na kazi.

Miaka ya 1960 na 1970 Uingereza ilishikwa na homa ya kutoa rangi. Watu walinunua nyumba za enzi ya Malkia Victoria, wakang'oa milango ya msonobari, wakaipeleka ichovywe kwenye mahodhi ya soda kali. Ilitoka myeupe, mitupu, na kila mtu akaiita ya asili. Kumbe waliotengeneza milango ile walichagua msonobari wa bei rahisi kwa sababu walijua utapakwa rangi. Mlango mtupu haukuwahi kuwepo. Gundi ya viungo ililegea ndani ya mahodhi, paneli zikapasuka, na watu wakatundika ukutani uzee ambao ulikuwa umetengenezwa wiki iliyopita.

Njia ya nne ni dawa ya kopo. Mwanzoni mwa karne ya 20 mkemia Mmarekani Carleton Ellis alipata hati miliki za dawa za kutoa rangi zenye ujanja mzuri. Vimiminika vinavyolainisha rangi, kama benzoli na asetoni, vina tabia ya kuruka hewani kabla havijamaliza kazi. Ellis alichanganya nta ndani. Nta inapanda juu, inatengeneza utando mwembamba, na dawa inabaki chini ikifanya kazi yake. Wazo hilo bado limo kwenye makopo ya leo. Lakini benzoli inashika moto kwa cheche moja, na inaharibu damu ya anayeivuta kwa muda mrefu.

Kwa hiyo viwanda vikatafuta kitu kisichowaka. Wakakipata: dikloromethani, kimiminika kilichojulikana kwenye maabara tangu karne ya 19. Kilikuwa kama jibu la dua. Unapaka, dakika kumi rangi inakunjamana kama plastiki juu ya jiko, unaizoa. Hakiwaki kirahisi, hakiunguzi mti, hakisimamishi nyuzi. Kwa miongo kadhaa ndicho kilichokuwa ndani ya dawa nyingi za kutoa rangi duniani.

Mwaka 1972 watafiti wa Marekani walieleza jambo lililokuwa likitokea ndani ya miili ya watu wanaokitumia: mwili unakivunja dikloromethani na kutengeneza monoksidi ya kaboni. Yaani ule moshi usioonekana, unaoua familia zinazolala na jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa msimu wa baridi, unatengenezwa ndani ya damu yako mwenyewe. Mvuke wenyewe pia unalewesha, na kwa kuwa ni mzito kuliko hewa, unajaa kwenye sehemu za chini. Kati ya 2000 na 2011, Marekani peke yake, angalau mafundi 13 waliokuwa wakitoa rangi kwenye mabafu walikufa. Walikufa wameinama ndani ya bafu, mahali mvuke ulipokusanyika. Umoja wa Ulaya ukakiondoa kwenye dawa za kuuziwa watu wa kawaida, na Marekani ikafuata 2019.

Nilisoma habari hizo wiki moja kabla hatujaletewa kopo karakanani.

Mteja alikuwa ameleta mlango mdogo wa kuchongwa, wa mbawa mbili, wenye mfaa wake katikati, akautaka kwa ajili ya nyumba ya wageni anayoifungua. Ulikuwa na rangi juu ya rangi. Pale ulipogongwa nilihesabu vanishi nyeusi, maziwa, buluu, kijani, kisha nyeupe chini kabisa. Mteja alisema, "Nataka uonekane wa zamani," na akatupa siku mbili. Alikuja na kopo lake la dawa, lebo ya lugha nisiyoijua, ila neno la dikloromethani lilisomeka.

Fundi ni mtu wa makamo, mwenye kikohozi ambacho watu wote wa mtaa wamekizoea. Aliligeuza kopo mkononi.

"Hii tutatumia wapi, mwanangu? Mlango mmoja, dirisha hamna."

"Nje, Mzee."

"Nje kuna watoto."

Ni kweli. Karakana inafungukia kichochoro, na watoto wa nyumba tatu wanachezea hapo baada ya madrasa. Mjukuu wake mmoja anapenda kukusanya vipande vya rangi vilivyokunjika, anaviita sarafu. Fundi alimpigia mteja simu akamwomba siku sita. Walivutana bei. Mteja alikubali siku nne na akakata pesa kidogo, kana kwamba kwenda polepole ni kosa lililompunguzia mali. Tulifanya kwa maji: gunia lililolowa chini, chupa ya kunyunyizia, skrepa iliyonolewa kila baada ya nusu saa, vijiti vya mianzi kwa ndani ya mchongo. Bega langu lilijua kila saa ya zile siku nne. Safari hii uzito ulibaki mahali pake.

Nimeyataja hayo kwa sababu Mombasa imeshafundishwa risasi inafanya nini. Kijiji cha Owino Uhuru kiliishi na kiwanda cha kuyeyusha betri za zamani ukutani mwake, na watoto wakakutwa na risasi kwenye damu. Mwaka 2020 mahakama iliwapa wakaazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, na baada ya fidia hiyo kuangushwa kwenye rufaa, Mahakama ya Juu iliirejesha Desemba 2024. Miaka yote hiyo kesi ilikuwa juu ya kiwanda chenye bomba la moshi, kitu unachoweza kukinyoshea kidole. Mtu anayesugua dirisha la zamani kwa grenda kwenye kichochoro hana bomba. Kenya leo ina kikomo cha risasi kwenye rangi, sehemu 90 kwa kila milioni, na hilo ni jambo jema. Lakini kikomo hicho kinahusu kopo jipya dukani. Rangi iliyopakwa nyumba ya babu yako haikukisoma.

Kuna swali jingine ambalo lile agizo la mteja liliniachia. Uonekane wa zamani. Ule mlango ulikuwa wa zamani tayari. Kijani ile ilikuwa ya zamani. Mtu alisimama mbele yake na brashi, labda kwa harusi, labda kwa Idi, akachagua kijani. Sisi tulilipwa kumfuta ili mgeni aone mti ambao huenda hakuna aliyekaa nao nyumbani kwa miaka hamsini.

Ugomvi huu nao ni wa zamani. Uingereza ya karne ya 19 ilikuwa na wasanifu waliokuwa wakirekebisha makanisa kwa kukwangua lipu za kuta ili jiwe lionekane, wakiamini wanairudisha Enzi ya Kati. William Morris alikasirika, na mwaka 1877 akaanzisha chama cha kulinda majengo ya kale ambacho watu walikibandika jina la utani, Anti-Scrape, yaani wapinga kukwangua. Hoja yao ilikuwa kwamba ukitoa tabaka za miaka mia tano ili ufikie ile ya kwanza, hupati ya kwanza. Unapata kitu chako kipya, na kilichokuwepo kimeenda.

Hapa kwetu ushahidi upo kilomita moja kutoka karakana ile. Ndani ya Fort Jesus kuna michoro ya Wareno iliyochorwa juu ya lipu kwa makaa na udongo mwekundu: meli, samaki, mtu aliyevaa deraya, hata kinyonga. Ngome ile ilikuwa gereza kuanzia 1895 mpaka 1958. Imepita mikono mingi ambayo ingeweza kuukwangua ukuta ule ili uwe safi. Hakuna aliyefanya hivyo, na leo unaweza kusimama mbele ya mawazo ya baharia aliyekuwa hana la kufanya mchana mzima.

Sisemi kila rangi iachwe. Rangi inayobanduka mahali mtoto anafikia ni hatari, na mchongo uliozibwa na safu nane umeshapoteza sauti yake. Ninachosema ni kwamba kutoa rangi ni uamuzi, na uamuzi unaanza na kuuliza kama kuna haja. Rangi ya zamani iliyoshika vizuri inaweza kuoshwa, kusuguliwa kidogo na maji, na kupakwa juu yake. Hiyo ndiyo njia salama kuliko zote, na haina mwandishi wa matangazo.

Kama ni lazima itoke, hesabu ya karne moja na nusu imeshafanywa, hatuna haja ya kuifanya upya. Chukulia rangi yoyote ya mafuta ya zamani kuwa ina risasi mpaka upimaji useme vingine. Loweka, usisugue kavu. Grenda iache kwenye chuma. Mvuke wa maji unalainisha rangi bila kuipeleka kwenye joto la hatari, na skrepa kali inamaliza kazi. Soda kali ibaki kwa mtu mwenye glavu, miwani na maji mengi karibu, na isiguse mchongo unaoupenda. Kopo lenye dikloromethani lirudi dukani; hata barakoa ya kichujio haizuii mvuke wake kwa muda mrefu. Barakoa ya kitambaa tuliyoizoea wakati wa korona haizuii chochote kati ya hivi. Vipande vizolewe vikiwa vimelowa, vifungwe, visichomwe na takataka. Nguo za kazi zisifuliwe pamoja na za mtoto.

Hakuna kitu hapo cha kushangaza. Mengi yangeweza kuandikwa 1921. Kinachokosekana si elimu, ni siku nne badala ya mbili, na mtu wa kuzilipia. Kwa hiyo kama una mlango wa bibi yako unaotaka kuuokoa, na fundi akakwambia kazi itachukua wiki nzima na atahitaji pesa ya plastiki, ya glavu na ya barakoa ya kweli, usimuulize kama hajui njia ya mkato. Anaijua. Muulize mchongo ataufanyia nini, kisha uanze kutafuta hiyo pesa.